Mashahidi ya Mawe: Maandishi na Picha katika Makaburi ya Wakopti

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wana neno moja lenye maana tatu. Shahidi ni mtu aliyeona jambo kisha akalisema mbele ya watu. Shahidi vilevile ni mtu aliyeuawa kwa ajili ya dini yake. Tena mashahidi ni mawe au mbao zinazosimikwa kaburini, ili apitaye ajue kwamba hapo amelazwa mtu. Makala hii yahusu jamii ya watu ambao historia yao imekutana na maana zote tatu. Watu hao ni Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, na mashahidi tunayokusudia kuyahoji ni mawe waliyoyasimika juu ya makaburi yao tangu karne ya 4 hivi hadi zama za kati.

Msomaji huenda akauliza: mawe ya makaburi yana faida gani kwa sayansi? Jibu ni kwamba vitabu vya historia huandikwa na wachache, na mara nyingi huwahusu wachache. Bali jiwe la kaburi huweza kumtaja seremala, mtawa wa kawaida, mke wa mkulima na mtoto aliyefariki kabla ya kujua kusoma. Kwa wengi wao, mistari michache iliyochongwa juu ya chokaa ndiyo habari pekee iliyosalia duniani. Basi atakayeyasoma mawe hayo vibaya huwapotosha watu wasioweza kujitetea, na atakayeyang'oa mahali pake bila kuandika habari zake huwanyamazisha kabisa.

Wakopti na lugha yao

Jina Kopti limetokana na neno la Kiarabu qibt, nalo asili yake ni neno la Kiyunani Aigyptios, ambalo maana yake ni Mmisri tu. Lugha ya Kikopti si lugha ngeni iliyoingia Misri. Ni hatua ya mwisho ya lugha ileile iliyosemwa na wajenzi wa piramidi. Kilichobadilika ni mwandiko. Badala ya zile alama za picha, Wamisri walichukua alfabeti ya Kiyunani, na kwa sauti ambazo Wayunani hawakuwa nazo wakaongeza herufi chache, sita au saba katika lahaja ya Kisahidi, walizozitoa katika mwandiko wao wa zamani ulioitwa demotiki.

Kwa hiyo mawe ya makaburi ya Wakristo wa Misri yameandikwa kwa lugha mbili. Mengine yameandikwa kwa Kiyunani, mengine kwa Kikopti, na si ajabu kuona sala ya Kiyunani ikifuatiwa na jina na tarehe kwa Kikopti. Waarabu walipoiteka Misri kati ya mwaka 639 na 642, desturi hiyo haikukatika. Iliendelea kwa karne kadhaa, kisha ikafifia kadiri Kiarabu kilivyokuwa lugha ya soko, ya ofisi na hatimaye ya nyumbani.

Jiwe lenyewe

Kaskazini mwa Misri na katika sehemu za kati mafundi walitumia zaidi mawe ya chokaa, ambayo ni laini na hukubali patasi kwa urahisi. Kusini zaidi, ambako majabali ya mchanga yapo karibu na mto, walitumia mawe ya mchanga. Mawe mengi si makubwa. Mtu mmoja au wawili huweza kuyabeba. Baadhi ni vibao vya maandishi matupu. Mengine yamechongwa kwa mfano wa mlango au kihekalu kidogo: nguzo mbili, juu yake paa la pembetatu, na katikati msalaba, ndege au mtu aliyesimama.

Jambo moja husahauliwa na watazamaji wa leo. Mawe haya tunayaona meupe au ya kijivu, lakini mengi yalipakwa rangi, hasa nyekundu, nyeusi na manjano. Yako maandishi ambayo hayakuchongwa kabisa, bali yaliandikwa kwa rangi juu ya jiwe lililosawazishwa. Rangi ikifutika, jina la marehemu nalo hutoweka. Jambo hilo tutalirudia hapa chini, kwa maana liliwahi kuwakosesha wataalamu.

Maneno ya kuagia

Maandishi ya makaburini hufuata kanuni, kama vile barua zetu zinavyofuata kanuni za salamu. Mengi huanza na msalaba, kisha huja kumtaja Mungu, na pengine Utatu Mtakatifu. Katika nyumba za watawa hufuata orodha ya watakatifu wa mahali hapo. Katika monasteri ya Apa Jeremia huko Saqqara, iliyofukuliwa na James Edward Quibell kati ya mwaka 1906 na 1910, mawe humwomba Apa Jeremia, Apa Enoki na Ama Sibila. Huko Bawit, kwenye monasteri ya Apa Apollo, watakatifu wanaotajwa ni Apollo, Phib na Anoup. Neno "apa" ni baba na "ama" ni mama. Ni majina ya heshima kwa watawa. Hivyo msomaji mzoefu, akiona majina hayo matatu yamefuatana, huweza kukisia jiwe limetoka wapi hata kama halina cheti cha asili.

Baada ya hapo hutajwa marehemu mwenyewe. Wakopti hawakupenda kusema kwamba fulani alikufa; walisema kwamba alipumzika. Aidha walimwita marehemu kwa neno la Kiyunani makarios, yaani mwenye heri. Sisi nasi twasema "marehemu", yaani aliyerehemewa, na "amepumzika". Lugha mbili zilizo mbalimbali zimepita njia moja ya adabu mbele ya mauti.

Maandishi mengine ya Kiyunani yana neno la kumliwaza aliyefiwa, kwamba asihuzunike kwa sababu hakuna asiyekufa katika dunia hii. Ni liwazo kavu, lililokuwako hata kabla ya Ukristo, na Wakristo walilipokea bila wasiwasi. Lakini liko kundi jingine la mawe ya Kikopti ambalo halina ukavu huo. Humo marehemu husema kwa kinywa chake mwenyewe, akiwaita wapitao wamlilie, akisimulia uchungu wa kutengwa na jamaa na ukali wa hukumu iliyompata. Mtaalamu Maria Cramer aliyakusanya maombolezo ya namna hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1941. Ayasomaye huona kwamba imani ya ufufuo haikuwazuia watu hao kulia.

Majina yenyewe yana somo. Shenoute maana yake ni mwana wa Mungu, na Papnoute ni wa Mungu. Lakini Anoup ni jina la Anubis, mungu wa kale mwenye kichwa cha bweha. Hor ni Horus. Isidoros ni zawadi ya Isis. Onnophrios ni sifa ya Osiris. Hata Phoibammon, jina la shahidi mashuhuri wa Kikristo, limeunganisha Phoebus wa Wayunani na Amoni wa Wamisri. Wazazi walirithisha watoto majina ya mababu, na dini mpya haikuyafuta.

Hesabu ya miaka

Tarehe katika mawe haya ni kazi ya kutosha kwa mpenda hesabu. Mwaka wa Kimisri ulikuwa na miezi 12 ya siku 30, kisha siku 5 za nyongeza, au 6 katika mwaka mrefu. Miezi hiyo ilihifadhi majina ya miungu: Thout ni wa mungu Thoth, Hathor ni wa mungu wa kike wa jina hilo, Pashons ni wa Khonsu. Mtawa aliyeikana miungu hiyo maisha yake yote aliandikiwa kaburini tarehe yenye jina la mmojawapo.

Mwaka ulihesabiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mzunguko wa kodi wa miaka 15. Jiwe husema tu kwamba mtu alipumzika katika mwaka wa 7 wa mzunguko, bila kusema ni mzunguko upi. Kama umbo la herufi linaonyesha kwamba jiwe ni la kipindi fulani cha miaka 100, bado tunabaki na miaka sita au saba inayowezekana. Aliyeandika hakuwa na shida, kwa kuwa kila mtu aliyekuwa hai wakati ule alijua. Ni sisi tulio nje ya mzunguko.

Njia ya pili ilihesabu miaka tangu Diocletian aliposhika ufalme wa Roma, na mwaka wake wa kwanza ulianza tarehe 29 Agosti 284. Kwa hiyo jiwe lenye mwaka 500 wa Diocletian ni la kati ya Agosti 783 na Agosti 784. Kwa siku za kabla ya Januari twajumlisha 283, na kwa siku za baadaye 284. Diocletian huyu ndiye aliyeanzisha mateso makali ya Wakristo mwaka 303. Baadaye Wakopti walibadilisha jina, wala hawakubadilisha hesabu: miaka ya Diocletian ikaitwa Miaka ya Mashahidi, na Kanisa lao laitumia hata leo. Jina la mtesaji limeondolewa na mahali pake yamewekwa majina ya walioteswa.

Tarehe hizi zina manufaa mengine ambayo waandishi wake hawakuyafikiria. Kwa kuwa mawe mengi hutaja mwezi na siku ya kufariki, mwanahistoria Walter Scheidel, katika kitabu kilichotoka mwaka 2001, alizikusanya tarehe hizo ili achunguze majira ya vifo katika bonde la Nili. Vifo havikugawanyika sawasawa katika miezi ya mwaka. Vilipanda na kushuka kwa majira, na hilo huonyesha kazi ya maradhi ya kuambukiza katika nchi ambayo maisha yote yalifuata kujaa na kupwa kwa mto. Takwimu za afya za watu walioishi kabla ya takwimu zimepatikana makaburini. Hata hivyo hadhari inahitajika: umri ulioandikwa kwenye mawe ya kale mara nyingi huishia na 0 au 5, dalili kwamba watu walikisia, na si kila maiti alipata jiwe.

Msalaba wenye kitanzi na mikono iliyoinuliwa

Tuje sasa kwenye picha. Katika mawe mengi ya Kikopti, kando ya msalaba wa kawaida, huonekana msalaba ambao mkono wake wa juu ni kitanzi. Hiyo ni ankh, alama ya kale ya Wamisri iliyomaanisha uhai, na ambayo katika mahekalu hushikwa na miungu. Imefikaje kaburini kwa Wakristo? Waandishi wa historia ya Kanisa wa karne ya 5, Socrates na Sozomen, wanasimulia kwamba hekalu la Serapis lilipobomolewa huko Aleksandria, mnamo mwaka 391 au 392, zilionekana kutani alama zenye umbo la msalaba. Watu waliojua mwandiko wa kale wakaeleza kwamba maana yake ni uhai ujao. Iwe kisa hicho ni kamili au kimetiwa chumvi, chatuonyesha kwamba Wakristo wa wakati huo waliijua alama hiyo, waliijua maana yake, na waliipokea kwa makusudi.

Picha ya pili ni mtu aliyesimama akiinua mikono yote miwili. Mwaka 1935 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Michigan walifukua makaburi ya Kom Abu Billo, mahali palipoitwa zamani Terenuthis, kwenye ukingo wa magharibi wa Delta. Mawe mengi waliyoyapata, ya wakati wa utawala wa Roma, yako katika jumba la Kelsey Museum mjini Ann Arbor. Humo marehemu ama amejinyoosha juu ya kitanda cha karamu akishika kikombe, ama amesimama na mikono juu. Kando yake yuko bweha wa Anubis, na mara nyingi kipanga wa Horus. Hawa si Wakristo. Lakini ishara ileile ya mikono huonekana katika mawe ya Wakristo, pasipo bweha wala kipanga, na hapo husomwa kuwa ni mtu aliye katika sala.

Picha ya tatu ni ndege aliyekunjua mabawa, ambaye hupatikana sana katika mawe ya Esna na Armant, kusini mwa Misri. Mara nyingi ni tai, naye huchukua shada au msalaba. Wengine humwona kuwa alama ya roho inayopaa, wengine alama ya ushindi wa Kristo juu ya mauti. Wako pia wanaokumbuka kwamba Wamisri wa kale walichora roho ya mtu kwa umbo la ndege.

Hapa hatuna budi kuweka kanuni moja. Kufanana si ushahidi wa uzazi. Vitu viwili vyaweza kufanana kwa sababu kimoja kimezaliwa na kingine, au kwa sababu vyote viwili vilinunuliwa katika karakana moja, au kwa sababu mikono ya binadamu haina njia nyingi za kuomba. Mlango uliochongwa juu ya jiwe la Kikopti waweza kutukumbusha mlango wa uongo wa makaburi ya Mafarao, lakini kihekalu chenye nguzo mbili kilikuwapo pia katika makaburi ya Wayunani. Kuamua ni lipi hasa kwahitaji maandishi ya jiwe, mahali lilipokuwa na vitu vilivyokuwa karibu nalo.

Mama wa Fayum

Mfano mmoja watosha. Mjini Berlin limehifadhiwa jiwe la kaburi lililotoka Medinet el-Fayum, linaloonyesha mwanamke aliyeketi akimnyonyesha mtoto, na misalaba miwili kando ya kichwa chake. Kwa muda mrefu lilitajwa vitabuni kuwa mojawapo ya picha za kale kabisa za Maria akimnyonyesha Yesu. Lilifaa sana kuwa daraja: upande mmoja Isis akimnyonyesha Horus, upande mwingine Maria na Mwana, na jiwe la Fayum katikati.

Mwaka 1977 mtaalamu wa Kijerumani Arne Effenberger alitangaza matokeo ya kuchunguza mabaki ya maandishi ya rangi juu ya jiwe hilo. Yalimhusu mwanamke wa kawaida aliyefariki akiwa na umri wa miaka 21. Aliyechongwa, basi, ndiye marehemu mwenyewe, mama kijana aliyekufa. Misalaba yaonyesha imani yake, si utakatifu wake. Picha za Maria akinyonyesha zipo kweli huko Bawit na Saqqara, katika kuta za vyumba vya watawa, lakini ni za baadaye. Daraja lilipoteza nguzo moja, na mwanamke mmoja akarudishiwa kaburi lake na mwanawe. Kwa maoni yangu, faida imeipita hasara.

Shahidi aliyeng'olewa

Nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari ng'ambo, mwalimu wangu alinipeleka katika ghala la jumba moja la makumbusho akaniwekea jiwe la Kikopti mezani. Nilifanya kazi siku mbili. Nilinakili herufi, nikamulika taa kutoka pembeni ili mikwaruzo ionekane, nikalipata jina na siku ya kufariki. Nilijiona hodari. Mwalimu akauliza swali moja tu: alizikwa na nani kando yake? Nikatazama daftari la jumba. Paliandikwa neno "Misri" na neno "limenunuliwa". Sikuwa na jibu, na hakuna atakayekuwa nalo kamwe.

Hali hiyo ni ya mawe mengi mno, kwa kuwa yaliingia ulimwenguni kwa mikono ya wachuuzi. Uchuuzi nao huzaa ulaghai. Katika miaka ya 1950 na 1960 soko la vitu vya kale lilijaa michongo iliyodaiwa kutoka Sheikh Ibada, mji wa kale wa Antinoopolis. Mwaka 2009 jumba la Brooklyn Museum la New York lilifanya jambo la kusifiwa: liliwaonyesha watu michongo yake ya Misri ya zama hizo na kukiri kwamba takriban theluthi moja yake ni ya kughushi. Kwa miaka mingi wanafunzi walikuwa wamejifunza "sanaa ya Kikopti" kwa kazi za mafundi wa karne ya 20.

Jambo la kuumiza zaidi liko karibu nasi zaidi, kwenye Nili hiyohiyo. Wakristo wa Nubia, katika Sudan ya leo, walisimika mawe ya makaburi kwa Kiyunani na Kikopti kwa karne nyingi. Mengi ya mawe hayo, pamoja na baadhi ya picha za ukutani za Faras zilizookolewa na Kazimierz Michałowski na wenzake kati ya mwaka 1961 na 1964 kabla ya maji ya bwawa la Aswan kufunika mahali hapo, yaliwekwa katika jumba la makumbusho la taifa mjini Khartoum. Vita vilipozuka Aprili 2023 jumba hilo likaachwa bila ulinzi. Mwaka 2025, mapigano yalipohama mjini, ilidhihirika kwamba limeporwa vibaya sana.

Hata hivyo upo upande mmoja wa faraja. Mwaka 2003 zilichapishwa orodha mbili za maandishi ya jumba hilo: ya Kiyunani iliyoandikwa na Adam Łajtar, na ya Kikopti iliyoandikwa na Jacques van der Vliet. Wakati zilipotoka, pengine wengi waliziona kuwa vitabu vya wataalamu wachache, vikavu na vya gharama. Leo ndizo hati ya kumdai mwizi. Jiwe lililomo humo likijitokeza sokoni, linaweza kutambuliwa kwa jina la marehemu wake, kwa mistari yake na kwa mvunjiko wake. Na kama halitaonekana tena, angalau sala iliyoandikwa juu yake na jina la mtu aliyeombewa havikupotea.

Somo hilo halihitaji fedha nyingi wala mitambo. Lahitaji daftari, rula, picha iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni, na subira ya kuandika mahali kila jiwe lilipo kabla ya mvua, jembe au mnunuzi kulifikia. Nasi tuna makaburi ya kale katika pwani na bara, yenye maandishi ambayo hukwanguka kila mwaka. Shahidi aliyesimama mahali pake bado aweza kuulizwa. Aliyeng'olewa bila kuandikwa hujibu neno moja tu: limenunuliwa.